Msimbo ukaguliwe kabla mwanachama hajatozwa faini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme kuhusu kauli ambayo kila aliyesimama dirishani kulipa au kulipwa ameshaisikia: "Mtandao unasumbua, rudi kesho." Mimi ni mtengeneza programu, na huu ni mwaka wa 9 natunza mifumo ya vyama vya akiba na mikopo na ya maduka ya pembejeo hapa Morogoro. Mara nyingi nikiitwa baada ya kauli hiyo naukuta mtandao mzima kabisa. Kibovu ni programu, na kosa lake limo ndani tangu siku ilipoandikwa. Lingeweza kuonekana siku hiyo hiyo, kabla halijagusa shilingi ya mtu, kama mwandishi angeupitisha msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, kwenye chombo cha kuukagua. Vyombo hivyo vipo na vingi havilipiwi hata senti. Mimi nilichelewa kuvitumia, na waliolipia kuchelewa kwangu ni watu wengine.

Mwaka 2021 chama kimoja cha akiba na mikopo, ambacho wanachama wake wengi ni walimu, kiliniomba niongeze huduma ya kuwakumbusha watu marejesho. Siku 3 kabla ya tarehe, mfumo umtumie mwanachama meseji. Kazi ndogo. Kampuni inayopitisha meseji inataka kila namba ya simu ianze na 255, ilhali kwenye orodha ya wanachama wengine waliandika namba zao kwa 07 na wengine kwa 255. Kwa hiyo nikaandika mstari wa kuuliza: je, namba hii tayari ina 255? Kama haina, toa sifuri ya mwanzo, weka 255.

Mstari wenyewe ulianza hivi: if (strpos($simu, '255')). Nauweka kama ulivyokuwa, kwa sababu nataka hata msomaji asiyejua programu aone kosa linavyoweza kuwa dogo. Amri hiyo ya strpos hutafuta herufi ndani ya maandishi na kukujibu zimeanzia nafasi ya ngapi. Nafasi zinahesabiwa kuanzia 0, siyo 1. Isipozikuta, hujibu hapana. Sasa namba iliyoanza na 255 ilipata jibu la 0, maana yake nimeziona, ziko pale pale mwanzoni. Lakini PHP, ambayo ndiyo lugha niliyoandikia, ikikuta 0 mahali panapotakiwa ndiyo au hapana, huichukua kuwa ni hapana. Namba iliyokuwa sahihi kabisa ikahesabiwa kuwa haina 255, ikabandikwa 255 nyingine mbele. Ikatoka 255255 na kuendelea, kampuni ya meseji ikaikataa, na taarifa ya kukataliwa ikaandikwa kwenye faili ambalo hakuna aliyekuwa akilifungua.

Angalia nani aliyeumia. Fomu ya chama ilisema wazi, andika namba yako kuanzia 255. Waliotii maagizo ndio waliokosa meseji. Walioandika 07 walizipata zote. Mimi nilijaribu kwa namba yangu mwenyewe, niliyoiingiza kwa 07, meseji ikaingia, nikaona kazi imekwisha, nikafunga laptopu.

Ikapita miezi 7. Kuchelewesha rejesho kwenye chama kile faini yake ni 5,000, na mfumo ulikuwa ukiikata wenyewe. Siku moja nipo ofisini kwao nabadilisha waya wa printa, akaingia mama mmoja mwalimu mstaafu na daftari mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye kompyuta hii?"

Nikamwambia ndiye. Akavuta kiti, akafungua daftari. Tarehe za rejesho amezipigia mstari kwa rula, pembeni faini kwa kalamu nyekundu, chini jumla: 25,000. Akasema, "Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Makarani wananiambia nilikumbushwa kwa simu, mimi ndiye sisomi. Haya, nionyeshe hiyo meseji." Akanipa kitochi chake. Nikakipekua chote, tangu meseji za juzi hadi za mwaka uliotangulia. Kulikuwa na matangazo ya vifurushi, meseji za mwanawe aliye Mbeya, ratiba ya kwaya. Ya chama hakuna hata moja.

Kuurekebisha mstari ule kulinichukua dakika 2. Kurudisha fedha kulichukua miezi 2, maana bodi ilibidi ikae, ipitie faini za wanachama 61 mmoja mmoja, ijue nani alichelewa kwa sababu ya kukosa meseji na nani alichelewa kwa hiari yake. Mwalimu yule hakunilaumu. Alichosema ni, "Mngeangalia kwanza," na maneno hayo yamekaa nami hadi leo.

Wiki ile ile niliweka chombo cha kukagua msimbo wa PHP kiitwacho PHPStan pamoja na nyongeza yake ya kanuni kali. Nilikuwa nimehifadhi nakala ya msimbo wa zamani, wenye kosa lake ndani, nikakipa hiyo. Haikufika dakika moja. Kikaniambia mstari wa 212: mahali pa ndiyo au hapana wanaruhusiwa ndiyo na hapana tu, wewe umeweka kitu kinachoweza kuwa namba kuanzia 0 kwenda juu, au hapana. Ndilo kosa lenyewe, limetajwa kwa namba ya mstari. Hakikutuma meseji hata moja kulipata. Hakikuiendesha programu wala kugusa orodha ya wanachama. Kilisoma tu.

Hilo la kusoma tu ndilo ninaloomba lieleweke. Mama yangu alikuwa fundi cherehani hapa hapa mjini, na kabla hajamwita mteja kuchukua nguo alikuwa anaigeuza ndani nje, anaitandaza mezani, anapitisha kidole gumba kwenye kila mshono. Nguo haijavaliwa. Hakuna aliyeinama nayo wala kupanda nayo daladala. Lakini palipo na uzi ulioruka, kidole kinashika. Ndivyo vyombo hivi vinavyofanya, na hata jina la kile maarufu cha mwanzo lilitoka kwenye nguo. Stephen Johnson wa maabara za Bell kule Marekani, alipotengeneza mwaka 1978 chombo cha kukagua programu za lugha ya C, alikiita lint, kwa Kiingereza zile nyuzinyuzi zinazong'ang'ania kwenye kitambaa. Mpaka leo sisi tuliomo kwenye kazi tunasema "umelinti?" tukimaanisha msimbo wako umeukagua.

Kinasomaje? Kwanza kinaupasua msimbo kuwa mti: programu ni shina, kila amri ni tawi, kila neno ni jani. Kisha kinatembea tawi kwa tawi kikiuliza, hapa panaweza kufika thamani ya aina gani? Hakijui namba hasa, kwa kuwa hakuna kinachoendeshwa, ila kinajua mipaka. Ni kama wewe hujui bei ya gunia la mahindi sokoni leo, ila una hakika haishuki chini ya 60,000 wala haivuki 90,000. Ukitaka magunia 3, huna haja ya kwenda sokoni kujua kwamba 270,000 inatosha. Na ukiwa na 200,000 mfukoni, unajua kuna uwezekano wa kuaibika mbele ya muuzaji.

Hesabu ya kufikiri kwa mipaka namna hiyo, yenye uthibitisho wake, iliwekwa wazi mwaka 1977 na wanasayansi wa kompyuta Patrick Cousot na mkewe Radhia Cousot. Radhia ni mwana wa Afrika. Alizaliwa mwaka 1947 Sakiet Sidi Youssef, mji wa Tunisia ulio mpakani na Algeria, na akiwa mtoto alinusurika shule yao ilipopigwa mabomu tarehe 8 Februari 1958. Alifariki mwaka 2014. Nawaambia mabinti wanaokuja kwangu kujifunza kazi habari za mama huyu kila mara, na ningefurahi siku moja picha yake ikatundikwa kwenye maabara ya kompyuta ya shule ya sekondari.

Mbinu yao ilikuja kuzaa chombo kiitwacho Astrée, kilichotengenezwa Ufaransa. Novemba 2003 kilisoma programu kuu ya kuongozea ndege ya Airbus A340, mistari 132,000 ya lugha ya C, kikathibitisha kwamba hakuna mahali programu ile itagawanya kwa sifuri au kuvuka uwezo wa namba zake ikiwa angani. Kazi hiyo ilifanyika kwa saa 1 na dakika 20 kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani ya wakati huo, yenye kutumia megabaiti 300 tu za kumbukumbu. Naitaja kompyuta kwa makusudi. Nimewasikia wenzangu wakisema mambo haya ni ya wenye mashine kubwa. Simu iliyo mfukoni mwa karani wa chama leo ina kumbukumbu kubwa kuliko hiyo.

Kwa nini Wafaransa walihangaika hivyo? Wao walikuwa wameshaona. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na haikumaliza dakika moja angani. Programu ya kupima mwelekeo ilichukua namba kubwa yenye desimali, ya biti 64, ikajaribu kuiingiza kwenye nafasi ya biti 16 ambayo mwisho wake ni 32,767. Haikuenea. Kompyuta ya kupima mwelekeo ikajizima, na ya akiba, iliyokuwa na msimbo ule ule, ilikuwa imeshajizima kwa sababu ile ile. Msimbo huo ulitolewa kwenye Ariane 4, ambako ulifanya kazi vizuri kwa kuwa roketi hiyo haikuwa na kasi ya kufikisha namba kubwa kiasi kile. Na kinachouma zaidi, hesabu iliyoleta balaa haikuwa na kazi yoyote tena baada ya Ariane 5 kuondoka ardhini. Nilipoisoma habari hii niliukumbuka mstari wangu wa 212. Nao nilikuwa nimeutoa kwenye mfumo wa duka moja la pembejeo, ambako namba zote za simu zilikuwa za 07.

Sasa nisije nikamdanganya mtu kwamba ukishaweka chombo umemaliza. Siku nilipokipitisha kwenye mfumo mzima wa chama kile kilitoa maonyo 1,900 na ushei. Niliyakodolea macho nikahisi uchovu hata kabla ya kuanza. Ndipo wengi wanapokatia tamaa, na wengine wanafanya kibaya zaidi, wanayazima.

Kuzima onyo usilolielewa ni hatari, na mfano wake uko wazi kwa dunia nzima. Mwaka 2006 mmoja wa wanaotunza mfumo endeshi wa Debian aliona chombo cha ukaguzi kinalalamikia mistari fulani ndani ya OpenSSL, programu ya kufunga mawasiliano kwa siri. Chombo hicho ni cha ukoo mwingine, kinaangalia programu ikiwa inaendeshwa, ila jambo ni lile lile. Akaiondoa mistari hiyo, malalamiko yakanyamaza. Kumbe mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukichanganya namba za kubahatisha za kutengenezea funguo za siri. Kilichobaki kuzitofautisha funguo kikawa namba ambayo kompyuta huipa kila programu inayoendeshwa tu, isiyozidi 32,768. Mwizi angeweza kuzijaribu zote akiwa amekaa. Iligundulika Mei 2008, na watu duniani kote ikabidi wabadilishe funguo zao.

Mimi maonyo yangu 1,900 sikuyazima wala sikuyashughulikia yote. PHPStan inakuruhusu kuyaandika ya zamani kwenye faili moja kama deni linalojulikana, halafu ikawa kali kwa mistari mipya tu. Nilifanya hivyo, na kila Ijumaa mchana tunalipa deni kidogo. Pia ina ngazi, kuanzia 0 iliyo laini hadi 10. Tulianzia 2. Leo tuko 6. Anayeanza kwa ngazi ya juu kabisa kwenye msimbo wa zamani, kwa niliyoyaona, anaacha ndani ya wiki mbili.

Kisha nikaanza kutunga kanuni zangu mwenyewe, na hapa ndipo nilipojifunza kwamba kukiunda chombo ni kazi ya heshima kuliko nilivyodhani. Ya kwanza ilihusu fedha. Kompyuta hazihifadhi desimali kama sisi. Iambie PHP ijumlishe 0.1 na 0.7, izidishe kwa 10, kisha iondoe kilicho baada ya nukta. Itakupa 7. Sisi sote tunajua ni 8. Kwenye riba ya mwezi ya wanachama 800 mchezo huo unakula fedha polepole, na mkaguzi wa vitabu akija anakuta mizania imepishana kwa shilingi chache ambazo hakuna anayeweza kuzieleza. Kwa hiyo nikatunga kanuni: popote penye jina linaloanza na kiasi, riba au salio, pakipita namba ya desimali, piga kelele.

Ikapiga kelele kweli. Ikatoa maonyo 63, na nilipoyapitia nikakuta 50 ni upuuzi. Riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi ni kiwango, siyo fedha, na kiwango ni haki yake kuwa na desimali. Kanuni yangu haikujua tofauti. Kijana anayejifunza kazi kwangu aliyaangalia kwa siku mbili, siku ya tatu nikamwona anayapita bila kuyasoma, pamoja na yale 13 ya kweli. Sikumkemea. Kosa lilikuwa la chombo, na chombo nilikitengeneza mimi. Tukakaa tukatenganisha majina, kiwango kikawa kiwango, kiasi kikawa kiasi, kanuni nikaiandika upya. Ikatoa 13, yote ya kweli, tukayamaliza jioni ile.

Baadaye nikasoma kwamba wakubwa nao waliyapitia hayo. Wahandisi wa Google wameeleza kwamba onyo la kwao lina kitufe cha kubonyeza ukiona halina maana, na kanuni ambayo watu wanaibonyezea mno inarudishwa kwa aliyeitunga airekebishe au iondolewe. Kiwango chao ni kwamba yasiyo na maana yasifike 10 katika kila 100. Wa Facebook nao, kwenye makala yao ya mwaka 2019 kuhusu chombo chao cha Infer, wameandika jambo nililolisoma mara mbili. Mwanzoni walikiendesha usiku, asubuhi wanawapa wahandisi orodha ya makosa. Karibu hakuna aliyerekebisha chochote, ikawa kama asilimia 0. Wakabadilisha kitu kimoja: onyo likaanza kutokea pale pale mhandisi anapowasilisha mabadiliko yake kwa wenzake, wakati bado anakumbuka alichokuwa anafikiri. Waliorekebisha wakafika asilimia 70. Chombo kile kile, na makosa ya aina ile ile.

Nami nikaongeza langu moja. PHPStan inasema Kiingereza, na kijana wangu, ambaye mikono yake ni mizuri kuliko yangu, Kiingereza anakisoma kwa kusitasita. Onyo asilolielewa vizuri analitafutia njia ya kulikwepa. Kanuni zangu zote sasa zinasema Kiswahili. Ile ya fedha inasema: "Hapa unahesabu fedha kwa desimali, na desimali zitapoteza senti. Hesabu kwa senti kamili, ugawe kwa 100 wakati wa kuonyesha tu. Mfano uko kwenye faili la Salio." Kosa, madhara yake, pa kwenda. Tangu zianze kusema hivyo hakuna aliyeniita kuniuliza onyo lina maana gani. Ile ya simu nayo ipo, inasema: "Amri hii ikijibu 0 maana yake IMEONA. Linganisha na hapana kwa alama tatu za usawa." Kila nikiiona inatokea kwa kijana, namkumbuka mwalimu na daftari lake.

Kuna yasiyowezekana, na mwenye chama anayenunua mfumo ayajue. Chombo hakijui katiba ya chama chako. Nikiandika riba ya 15 mahali pa 1.5 kwa usahihi wote wa lugha, kitanipitisha. Na tangu mwaka 1936 mwanahisabati Mwingereza, Alan Turing, alishathibitisha kwamba hakuna utaratibu mmoja unaoweza kuipima kila programu na kusema kwa hakika kama itafika mwisho au itazunguka milele. Kwa hiyo kila chombo cha namna hii kinachagua: ama kitapiga kelele pasipo kosa mara nyingine, ama kitaacha makosa mengine yapite. Ukaguzi wa mtu bado unahitajika, na majaribio kwa namba za kila aina bado yanahitajika. Mimi ningejaribu namba moja tu ya 255 siku ile, nisingekuwa naandika barua hii.

Lakini naona haraka inaongezeka. Vijana wengi sasa wanaagiza msimbo kwa akili mnemba, wanaubandika, unafanya kazi mara ya kwanza, wanaukabidhi. Siwazuii, hata mimi natumia. Ila mtu aliyeandika mistari 30 kwa siku alikuwa angalau ameisoma mistari 30. Anayebandika 600 hajaisoma, na bodi ya chama iliyo mbele yake haina mtu wa kumuuliza. Chombo cha kusoma mistari hiyo 600 kwa dakika moja ndicho kinachohitajika sasa kuliko wakati wowote niliofanya kazi hii.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu ni kwa wanaonunua: bodi za vyama vya akiba na mikopo, wamiliki wa zahanati, wakuu wa shule, watendaji wa halmashauri. Mnapojenga ofisi hamkubali fundi amwage zege bila mtu kuangalia nondo. Kwenye mkataba wa mfumo wekeni kifungu. Mimi tangu Januari 2022 nimekiweka kwenye mikataba yangu mwenyewe, na hiki hapa, anayekitaka akinakili kama kilivyo:

"Msimbo wote utapitishwa kwenye chombo cha ukaguzi kila unapobadilishwa, kabla haujafika kwenye mfumo unaotumika. Jina la chombo, ngazi yake na orodha ya maonyo yaliyozimwa, pamoja na sababu ya kila moja iliyoandikwa kwa Kiswahili, vitakabidhiwa kwa mnunuzi. Malipo ya mwisho hayatatolewa kabla ya makabidhiano hayo."

Sehemu ya maonyo yaliyozimwa ndiyo yenye nguvu, msiiondoe. Mtengeneza programu mwaminifu hatasumbuka kuijaza. Mteja mmoja aliniomba nikifute kifungu chote ili bei ishuke. Nikamwonyesha hesabu: kukiandaa chombo kwenye mfumo wake ni nusu siku ya kazi yangu, basi. Akakubali kifungu kibaki.

Walimu wa vyuo vinavyofundisha programu nao nawaomba wakitambulishe chombo cha aina hii kwenye wiki ya kwanza, kabla mwanafunzi hajazoea kuona maonyo na kuyapita. Kwa aliyezoea ni vigumu mno kumrudisha, nasema hivyo kwa kuwa nimejaribu.

Kanuni zangu sasa ni 11, zote za mambo ya fedha, tarehe na namba za simu, na maelezo yake ni ya Kiswahili. Chama chochote au kijana yeyote anayezihitaji nitampa bure na kumsaidia kuziweka. Anwani yangu mnayo hapo ofisini kwenu, naomba mumpe atakayeuliza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtengeneza programu,
Kihonda, Morogoro